Bandi na Mshono

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa juu ya mteremko na bustani yake ilikuwa chini, kama kofia na viatu vya mtu mmoja. Tangu ugonjwa umkalishe kwenye kiti cha magurudumu, waridi zake aliziona ncha tu, kupitia dirisha la jikoni. Akaomba kitu kimoja: akae nje, juu ya maua yake, kabla hajaondoka. Hakusema anaondoka kwenda wapi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Wanawe wawili wakaamua kumjengea jukwaa la mbao, lianzie mlango wa jikoni, liwe na njia pana ya kuteremshia kiti. Binti alikuwa seremala. Nyumbani walimwita Rula, maana hata mkate aliukata kwa kupima. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, aliitwa Chapchap. Hapo hata kipofu ameshaona ugomvi utatokea wapi.

Rula alianza na mashimo ya nguzo. Akachimba akaupita udongo laini wa bustani, akachimba tena mpaka sururu ikagoma.

"We Rula, unatafuta maji au mafuta?" Chapchap akauliza.

"Natafuta pa kusimama."

"Mama mwenyewe amebaki mwepesi kama uzi. Unamjengea yeye au unamjengea tembo?"

"Namjengea yeye na watakaokuja kumwona. Watu hawaji mmoja mmoja, kaka."

Zege ikamwagwa, ikaachwa ikauke. Kila asubuhi mama aliuliza kutoka kitandani, "Imeshika?"

"Bado, mama."

"Haya. Basi na mimi nitajishikilia."

Ilipokwisha kushika, nguzo zikasimama. Ikabaki boriti ya ukutani, ile ya kubeba upande wote wa jukwaa unaogusa nyumba. Rula aliishikiza kwa misumari michache, isicheze wakati anatoboa matundu ya bolti. Kumbe bolti alizonunua zilikuwa fupi: zingeishia kwenye lipu, tofali zisilione. Akakimbia dukani. Akiwa kwenye foleni, simu ikalia. Ni Chapchap.

"Boriti ya ukutani umeshapiga?"

"Nimeshapiga," akajibu, akimaanisha misumari. Chapchap akasikia bolti, akakata simu. Lugha yetu nayo! Kila kitu tunakipiga: pasi, simu, picha, msumari. Neno moja limebeba mizigo kumi, na siku hiyo lilikaribia kubeba na mtu.

Aliporudi alikuta mbao zimetandazwa na mama yuko mlangoni, amevalishwa gauni lake la kutokea. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari juu ya ubao wa kwanza.

"Kaka, simama! Usimsukume!"

"Si umesema umeshapiga?"

"Misumari tu. Ya kushikizia."

"Kwani msumari haushiki? Angalia." Akakanyaga ubao. Ubao ukanyamaza.

"Unanyamaza kwako peke yako. Ukijumlisha mama na kiti, boriti itachomoka bila hata kuwaaga."

Mama aliwasikiliza wote wawili. Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye waridi, yalikuwa yanausubiri mwili tu.

"Rula," akasema, "hiyo ni bandi au ni mshono?"

Bandi ni zile nyuzi ndefu za muda, za kushikilia kitambaa mpaka cherehani ipite. Nguo ya bandi ukiiona kwa mbali utaapa imekwisha. Inafumuka ukiinua mkono.

Rula angeweza kudanganya. Kutoka pale hadi ukingoni palikuwa karibu mno.

"Bandi, mama."

Mama aliyaondoa macho kwenye waridi. "Sijawahi kumtoa mteja mlangoni na bandi," akasema. "Nirudisheni ndani."

Chapchap alimrudisha. Alipotoka tena, utani wote ulikuwa umemwisha usoni. "Na kesho asipokuwepo?"

Rula alitoa bolti mpya. "Shika boriti," akasema, na kaka akashika.

Bolti ndefu zikapita lipu, zikauma tofali. Chapchap alikaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama, akiwa kitandani upande wa pili wa ukuta, alisikia. "Huo sasa ni mlio wa cherehani," akasema, akatabasamu. Zikabaki reli za kushikia, na kabla ya hizo Rula hakukubali kiti kitoke. Siku reli ya mwisho ilipofungwa, mama hakufumbua macho.

Siku ya mazishi, jeneza liligoma kwenye kona ya ukumbi. Wabebaji walilijaribu hivi, wakalijaribu vile, wakiombana radhi kwa minong'ono.

"Hakuna mlango mwingine?" mmoja akauliza.

Chapchap alimtazama dada yake. "Jukwaa litabeba?"

"Litabeba."

Wanaume sita wakatokea mlango wa jikoni na jeneza mabegani, waombolezaji nyuma yao. Rula alisimama chini karibu na nguzo, kiganja juu ya mti, akisikiliza. Hakuna ubao uliolia. Waliolia ni watu.

Katikati ya jukwaa, juu ya waridi, Chapchap aliyekuwa mbele alisimama. Wote wakalazimika kusimama.

"Vipi, umechoka?" akanong'onezwa kutoka nyuma.

"Mwacheni akae kidogo," akasema.

Na Chapchap, ambaye hata taa nyekundu barabarani ilikuwa inamchosha, akasubiri.