Keki ya Yareli Matangani

Katika mji ule wa bonde la Oaxaca, kila mwenye shughuli alijua pa kuanzia: kwa Otilia, mwoka mikate. Si kwamba waokaji wengine hawakuwapo. Ni kwamba Otilia alikuwa hajui kukataa. Mtu alibisha mlangoni, akaanza, "Otilia mwenzangu, najua kazi zimekuzidi, lakini..." na kabla hajamaliza, Otilia ameshakubali.

Oktoba ile alikuwa amekubali kuoka mikate ya matanga ya mzee Evodio, ambaye sala zake za siku tisa zilikuwa zinamalizika Jumamosi. Alikuwa amekubali pia keki ya Yareli, binti aliyemsimamia ubatizo, naye alikuwa anasherehekea kutimiza miaka kumi na tano, umri ambao msichana wa huko huhesabiwa mtu mzima, Jumamosi hiyohiyo. Kanisani alipanga maua na kuimba kwaya. Kwenye kamati ya maji alikuwa katibu kwa mwaka wa pili. Tena kulikuwa na kasuku wa jirani, aliyeachiwa "kwa siku mbili tatu tu," na sasa ilikuwa wiki ya sita.

"Mshika mawili moja humponyoka," mumewe, Fidencio, fundi wa matofali, alimwambia. "Wewe umeshika matano, na kasuku begani."

"Nikikataa, watu watanionaje?"

"Watakuona umelala. Mimi sijakuona umelala tangu Agosti."

Otilia alicheka, akaendelea kukanda unga.

Jumamosi asubuhi, macho yakiwa mekundu kama pilipili, alifunga maboksi mawili makubwa meupe. Moja alimkabidhi dereva wa bajaji alipeleke ukumbini kwa kina Yareli. La pili alilibeba mwenyewe hadi nyumba ya msiba, akalitua mezani chini ya picha ya marehemu, akapiga magoti na wenzake. Sala ilipokwisha, mjane, Bibi Eduviges, alimwomba afungue mikate watu wanywe nayo chokoleti ya moto.

Otilia alifungua boksi. Ndani mlikuwa na keki ya waridi ya ghorofa tatu, imezungushwa vipepeo, na juu yake jozi ya viatu vya sukari vyenye visigino virefu.

Binamu mmoja wa marehemu alifanya ishara ya msalaba.

Bibi Eduviges aliitazama keki, akaitazama picha ya mumewe mwenye masharubu, akairudia keki. Mabega yakaanza kumtikisika. Watu wakadhani analia, shemeji yake akakimbilia kumshika. Kumbe bibi alikuwa anacheka, anacheka hadi kitambaa cheusi kinamwanguka kichwani.

"Jamani Evodio!" alisema akifuta machozi. "Miaka themanini na mbili, leo ndiyo umekuwa mwari!"

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Otilia peke yake hakucheka. Alijaribu kuomba radhi. Akaketi sakafuni, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hapo ndipo Nicandra, mama yake Yareli, alipoingia mbio, ameshika boksi la pili na nywele bado zina vibanio. "Otilia! Umeota nini, shoga yangu? Wageni wanangoja keki, sisi tumeletewa mikate ya marehemu!" Kisha akamwona alivyo. Akaliweka boksi chini. "Ee, dada. Umekula kitu leo wewe?"

Otilia hakukumbuka.

Alitaka kunyanyuka aende akapambe meza ya ukumbini. Bibi Eduviges akamkamata mkono. "Hapa huondoki. Nani kakutuma uubebe mji mzima?"

"Waliniomba, Bibi."

"Na mimi niliomba. Ungeniambia una keki siku hiyohiyo, ningenunua mikate sokoni. Marehemu asingenuna."

Walimtandikia mkeka chumba cha ndani. Alilala hadi saa kumi jioni.

Alipoamka, swali lake la kwanza lilikuwa keki.

"Imefika salama," alijibu Bibi Eduviges. "Imepungua kiatu kimoja tu. Nimekila mimi."

Jioni ile Otilia alicheza na Yareli ukumbini, na kila meza ilikuwa imeshapata habari za mwari mwenye masharubu.

Jumatatu kasuku alirudishwa kwao. Tangu siku hiyo Otilia akajizoeza maneno mawili: "Nitakujibu kesho." Mwanzoni yalimwia magumu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Don Abundio, alipokuja kumwambia aendelee na ukatibu mwaka wa tatu, aliyatamka huku akikanda unga. Usiku akalifikiria jambo hilo. Asubuhi akamfuata.

"Hapana, Don Abundio. Nimeshafanya zamu yangu."

"Sasa nani ataandika? Unataka tukose maji?"

"Maji yanatoka kisimani, baba, hayatoki kwenye daftari langu."

Mzee alinuna wiki nzima. Kisha akampata mwalimu wa hesabu, kijana mwenye mwandiko mzuri kuliko wa Otilia. Habari hiyo ilimchoma kidogo, kusema kweli. Alikuwa amejiaminisha kwamba kamati ingekufa siku atakayoondoka. Na alipoaga kwaya, kiongozi alimshukuru haraka mno, bila kumbembeleza hata mara moja. Fidencio alitoka nje akachekee uani.

Maua ya kanisani hakuyaacha. Aliyapenda, na Ijumaa akiyapanga hakuna aliyemsemesha. Mikate nayo alioka, ile anayoiweza, akimwambia kila mteja siku ya kuifuata.

Februari, Jumapili moja, alifunga tanuri, wakapanda basi yeye na Fidencio hadi Ejutla kwa dada yake, ambako hakuwa amefika miaka minne. Waliketi barazani wakipukuchua mahindi. Dada yake aliuliza kama watarudi na basi la saa nane.

"Hata sijui," Otilia alisema, akavuta hindi jingine. "Kuna la saa kumi na moja."