Siku Mkasi Alipochagua Tofali

Mara ya kwanza tulipopeleka matofali kwenye maabara ya chuo kikuu, dada yangu alikataa kuamini kwamba kuna mtu analipwa na serikali kuyavunja. "Mwanao anavunja vikombe bure," aliniambia, "na hujawahi kumpa mshahara."

Hiyo ilikuwa zamani, kabla tofali halijamnenepesha. Asubuhi hii tulipoingia getini na lori, mimi dereva na yeye tajiri, hakuwa na utani. Mtu wa Hazina alikuwa anakuja kuamua kama maabara ipewe fungu lake au ifungwe. Sifa zake zilishatangulia: kila alikopita alikata mafungu na kuacha makufuli milangoni, ndiyo maana watu wakamwita Mkasi. Na bila muhuri wa maabara hii, hakuna kontrakta wa majengo ya serikali ambaye angegusa tofali la mtaani kwetu. Wangerudi kuagiza ng'ambo, na matanuru yetu yangegeuka vichuguu.

Dada alikuwa amepakata matofali manne yaliyofungwa kwenye shuka safi. Mhadhiri wa maabara, mwanamke mwembamba ambaye wanafunzi wake wanamwita Mama Vunja, akayafunua.

"Mama, haya umeyachagua."

"Mwanangu, mgeni akija unamwonyesha mtoto aliyeoga."

"Yarudishe. Atachagua mwenyewe kwenye lori."

"Sasa wewe unataka kusaidiwa au hutaki?"

Mama Vunja akacheka tu, akaenda kupangusa mashine yake. Ni mabamba mawili ya chuma yanayobana kilicho katikati mpaka kikate tamaa, na pembeni kuna sahani ya kioo yenye mshale.

Mkasi akafika, viatu vinang'aa, sauti ya upole kama ya daktari wa meno. "Nataka kuelewa jambo moja. Fedha za umma zinaingia humu kila mwaka. Nchi inapata nini?"

Dada alimwahi Mama Vunja kujibu.

"Baba, mimi nilikuwa natengeneza matofali ya mabanda ya kuku," Dada akasema. "Kuku halalamiki. Huyu binti akanifundisha kuchuja udongo na kuchoma kwa moto uliotulia. Leo watu wanakula kwangu, na majirani wameniiga wote, wanga wale. Fundi wa kuchomelea kahamia kwa ajili ya matanuru, mama wa chakula kamfuata fundi, na mwenye gereji kaja kwa ajili ya huyu mdogo wangu, maana lori analiendesha kama la kuazima. Kodi ndiyo usiniulize. Zamani mtoza ushuru hata jina langu hakulijua, siku hizi ananisalimia kwa mikono miwili."

Mkasi akatabasamu kidogo. "Maneno matamu. Sasa nionyesheni."

Akapanda kwenye lori na viatu vyake, akachomoa tofali katikati ya mzigo. Lilikuwa jekundu, limenyooka, zuri la kupiga nalo picha. Dada akanikonyeza. Mashine ikaanza kubana. Mshale ukapanda, ukapanda, na kabla haujaufikia mstari wa kufaulu, tofali likamwagika kama biskuti kwenye chai.

Likaletwa la pili kutoka upande uleule. Nalo likamwagika.

Nilimtazama Dada. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kumtetea mwenzake akamchimbia kaburi.

"Kwa hiyo mafunzo yote hayo…" Mkasi akaanza.

Mama Vunja hakujitetea. Aliokota kipande, akakikwangua kwa ukucha. "Upande mmoja wa tanuru moto ulipungua. Udongo wao una chuma kingi, unawahi kuwa mwekundu kabla haujaiva, kwa hiyo macho hayawezi kujua. Uzuri wa mkakasi. Yakirudi motoni yataiva." Akamgeukia Dada. "Mama, mzigo huu ulikuwa unaenda wapi?"

Dada angeweza kusema ukuta wa ua, au choo cha nje, na hakuna ambaye angembishia.

"Wodi ya wazazi. Kuta za chini. Leo hii, tukitoka hapa."

Kisha akatoa simu, palepale mbele yetu. "Kontrakta, mzigo hauji… Nitukane, ni haki yako… Hata ukinikata bei, hauji." Akaizima.

Mkasi akalizunguka lori polepole. "Na kama maabara isingekuwepo?"

"Muda huu ningekuwa nashusha," nikasema. Ndilo neno pekee nililochangia siku ile.

Mkasi hakuondoka mpaka mchana. Koti alikuwa amelitundika mlangoni, akawa anachagua tofali huku na kule kama mtu anayenunua mahindi ya kuchoma, na kila moja akitaka Mama Vunja amweleze limeiva au halijaiva na kwa nini. Mwisho akapiga simu ofisini kwake, nasi tukitega masikio bila haya.

"Maabara hii msiiguse… Ndiyo, yamefeli… Sasa ulitaka yafelie wapi, wodini? Sikiliza, wana mashine moja tu. Andika mbili."

Mama Vunja akageukia dirishani, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Dada hakungoja shukrani za mtu. Alishakaa kwenye kiti cha mbele, ananigongea mlango.

"Washa gari, bwana. Tanuru halijichomi lenyewe."