Sensa ya Mpiga Picha

Kacha. Kacha. Mkasi ulikuwa ukitafuna kitambaa gizani, upande wa pili wa pazia, na Mama Chiriku akafumbua macho kabla jogoo hajaikumbuka kazi yake.

"Mama, hujalala?" alinong'ona, asije akamwamsha mtoto.

"Nitalalaje na ovaroli yako ina mikono ya kumtosha tembo?" mama mkwe akajibu. Alikuwa mshonaji tangu usichana, vidole vyake vilishaota macho. "Leo unaingia chini ya gari la watu. Njoo uvae nikuone."

"Si ulishapima jana?"

"Jana nilipima kitambaa, leo napima mtu. Mkono wa nguo haukatwi mezani, mwanangu, hukatwa mwilini."

Akavaa, akageuzwa huku na huku kama mwali, akachekeshwa kwa pini kwapani. Usingizi ulikuwa umeshamkimbia. Tangu ajiunge na darasa la jioni la ufundi wa magari, kazi yake gereji ilikuwa kuosha spea kwa brashi na kufagia. Lakini jana mwenye gereji, ambaye kwa mwendo wake wa polepole watu walimwita Fundi Taratibu, alikuwa amemwambia: "Gari la mpiga picha ni lako. Likitoka limepona, kuanzia Jumatatu unashika magari yako mwenyewe. Lisipopona, brashi yako unajua ilipo." Basi nani angelala?

Alipofika gereji, mpiga picha alikuwa ameshatangulia, anazunguka gari lake kama kuku anayetaka kutaga. Alikuwa amenunua ekzosi mpya, bomba pana la moshi, kwa sababu ya mngurumo tu. Waliomfungia hawakuiachia sensa ya oksijeni tundu la kukaa. Waliifunga kwa waya pembeni, ikabaki inaning'inia kama popo mchana. Kazi ya sensa ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari iongeze mafuta au ipunguze, na hii ilikuwa inanusa upepo. Kompyuta, maskini, ilikuwa inamimina petroli kwa kubahatisha, na taa ya njano kwenye dashibodi haikuzimika tena.

"Linakunywa kuliko wajomba zangu," mpiga picha alilalamika. "Dada, utaweza kweli?"

"Wewe ulipopiga picha ya kwanza, vichwa vya watu vilitokea?"

Fundi Taratibu akacheka hadi akakohoa.

Mama Chiriku akalifungua bomba, akalilaza mezani. Mwalimu wa jioni alikuwa amewaambia kwamba sensa haipendi kuangalia chini, kwa sababu maji yanayotokana na moshi hutuama huko na kuiua. Basi akachora msalaba wa chaki juu kabisa ya bomba. Akaishika drili, ikalia, ncha ikashuka. Ilibaki kidogo iguse chuma, jicho lake likaangukia mkono wa ovaroli, ulivyoishia sawasawa kifundoni. *Haukatwi mezani.* Akaizima drili.

"Fundi, naomba tulivalishe gari kwanza."

"Tulivalishe?"

"Tulirudishe bomba mahali pake, tuone tundu litaangalia wapi."

"Jamani, hili ni gari, si bibi harusi!" mpiga picha akapiga kelele.

Fundi Taratibu alikuwa ameshainuka. Maishani mwake hakuwahi kukataa jambo la kuchelewesha. Wakalipandisha bomba chini ya gari, mmoja huku, mmoja kule, wakamulika tochi. Lo! Msalaba ulikuwa unaitazama sakafu. Pale mezani bomba lilikuwa limelala kifudifudi, na hakuna aliyeliona.

"Ungetoboa pale..." Fundi Taratibu akaanza.

"Ningeichimbia sensa bwawa la kuogelea!" Kicheko kilimtoka Mama Chiriku, kicheko cha mtu aliyekoswa na gari.

Akaifuta chaki, akachora upya hukohuko chini ya gari, upande wa juu, kwa mshazari, mahali ambapo waya ulifika bila kujinyoosha. Bomba likarudi mezani. Sasa drili ikaimba kweli, vinyuzi vya chuma vikijikunja na kudondoka. Akaweka nati juu ya tundu, akaisokotea sensa mfu aliyoiokota kwenye spea za zamani, ili moto usizipinde nyuzi za ndani ya nati, akavaa kinyago, akachomelea mzunguko mzima. Chuma kilipopoa akaitoa ile mfu, akaipachika ile nzima ya gari kwa vidole. Iliingia kama kijiko kwenye uji. Spana ikamalizia. Bomba likafungwa, plagi ya waya wa sensa ikaingia: tak!

Mchana ule mama mkwe akafika na chakula, Chiriku mkononi, mdomo wa mtoto haufungi tangu nyumbani. Walikuta Fundi Taratibu amechomeka mashine ya kusomea makosa, amelifuta lile la zamani, na taa imezimika. Mama Chiriku alitaka kuruka.

"Taratibu," akasema fundi. "Hapo tumefuta kosa tu. Kama sensa hainusi, taa itawaka tena njiani. Nazunguka na gari mpaka injini ipate moto vizuri."

Kabla hajakaa sawa, mama mkwe alikuwa ndani, kiti cha mbele, mjukuu mapajani. "Shahidi wa familia lazima awepo," akasema. Chiriku akaonyeshwa mahali pa kutazama, pale ilipokuwa taa ya njano. Wakaondoka kwa mngurumo wa kutikisa mabati.

Mama Chiriku akabaki getini na mpiga picha, anafuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Utaitoboa hiyo kwa kitambaa," mpiga picha akamtania, naye kucha zake mwenyewe zilikuwa zimeshaisha.

Halafu wakausikia, mbali, nyuma ya maghala. Mngurumo ukakua, ukazunguka kona. Uso wa Fundi Taratibu haukusema kitu. Yule hata angeshinda bahati nasibu angeonekana yuko kwenye foleni. Mama mkwe alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mama Chiriku alishindwa kungoja, akalikimbilia gari likiwa bado linatembea, na kichwa kidogo kikachomoza dirishani.

"Mama, taa haijawaka!"