Mahari pa Wote

Alhamisi saa nne asubuhi Masele alikuwa juu ya ngazi ya miti, mbele ya ukumbi wa zamani ulio jirani na stesheni ya Mpanda. Alikuwa amefika herufi ya tano, na mkono ukasita.

Ukumbi ulikuwa umepigwa lipu upya na kuezekwa bati jipya. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita na kamati ilisema mji unafufuliwa. Jumamosi mgeni rasmi angekata utepe, na kikundi cha ngoma ya majembe, ambacho Masele alikipigia ngoma kubwa, kiliahidiwa kucheza humo ndani, cha kwanza kabla ya vikundi vyote. Walikuwa wamefanya mazoezi tangu masika. Kazi ya leo ilikuwa kuandika ukutani kwa rangi ya bluu: MAHALI PA WOTE.

Shida yake ilikuwa R na L. Kisukuma cha mama yake hakikuwa na R, na zamani aliwahi kuandika KINYOZI BOLA, mji ukamcheka mpaka bango likashushwa. Tangu hapo kila L aliyokutana nayo aliishuku. Kwa kawaida alimwuliza Hilaria, mama wa maandazi wa kibanda cha pili, aliyemaliza darasa la saba. Lakini Hilaria alikuwa Sibwesa, msibani. Masele akaitazama L kichwani mwake, akaiona ya kishamba, akaweka R.

Saa kumi na moja jioni ng'ombe wa kwanza akafika.

Alitokea upande wa reli, akapita katikati ya wauza vitunguu, akasimama mlangoni pa ukumbi. Wengine wakafuata. Hawakuwa na mchungaji, wala hawakutimua vumbi. Mama mmoja alivuta fungu lake la vitunguu lisikanyagwe. Mzee aliyekuwa anangoja treni akawaangalia.

"Hawa si ndio wa mchango?" akasema. "Yule mwenye baka ni wetu. Hajazeeka hata kidogo." Akarudi kukalia mzigo wake.

Masele naye alimwona wa kwao: jike wa rangi ya majivu, pembe ya kushoto imeinamia jicho.

Ukumbi ule ulijengwa mwaka wa sabini na nane, kwa ng'ombe. Kila kaya ng'ombe mmoja. Katibu aliyefika kwa mzee Mwandu, baba yake Masele, alikuja na mgambo wawili na kitabu. "Ni hiari, mzee," alisema. "Ila asiyetoa atalala ndani." Hiari. Ndilo neno la kwanza lenye R ambalo Masele alijua kulitamka sawasawa. Aliyetolewa ni jike yule wa majivu, na ndiye alikuwa akamilishe mahari ya Minza, binti Manyanda. Mzee Manyanda alingoja mavuno mawili, kisha akasema binti yake si debe la mahindi la kuwekwa kwa ajili ya mteja mmoja. Minza akaolewa Kasansa. Vijana wengi walibaki hivyo, bila kuoa. Ukumbi ukaisha, hotuba zikasomwa, ukageuzwa ghala la mbolea. Ngoma haikupigwa humo hata siku moja.

Ijumaa asubuhi Obadia, mwenyekiti wa kamati, alikuja kukagua. Alisoma ukuta, akacheka mpaka akashika mkanda wa suruali.

"Mahari pa wote! Masele, ukumbi unaolewa na nani?"

"Nimekosea herufi, mwenyekiti."

"Na hao ng'ombe?"

"Wamesoma."

Obadia akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa. Akamwita bwana mifugo, naye akawapima, akaandika kwamba wana afya nzuri na kwamba hawapumui. Wakati huo watu walishaanza kufika na kamba.

"Nyie, kamba za nini?" Obadia akauliza. "Mchango haurudishwi. Walitolewa kwa hiari, na kitabu kipo."

"Kiko wapi?"

"Kililiwa na mchwa. Lakini kilikuwepo."

Adhuhuri akapita Minza. Tangu afiwe na mume wake alikuwa amehamia mjini, akiuza dagaa wa Kapalamsenga. Alitua beseni chini, akamwendea jike wa majivu, akampapasa pembe iliyopinda.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Kumbe alikuwepo. Baba alisema hamkuwa na ng'ombe, mlikuwa mnatafuta sababu. Miaka yote hii nimekuita mwongo, Masele. Hata nikiwa nasonga ugali."

"Mchukue basi."

"Nimpeleke kwa nani? Baba yuko kaburini, na wewe una mvi." Akajitwika beseni. "Si ungeandika mapema."

"Ningejua kukosea mapema, ningekosea."

"Haya. Dagaa wangu wanaungua jua."

Alasiri Obadia alirudi na kopo la rangi nyeupe. Alitaka R ifutwe kabla ya magharibi, na chini yake iongezwe mstari mmoja, kwamba jengo limejengwa kwa hiari ya wananchi.

"Nikifuta wataondoka," Masele akasema.

"Ndiyo maana nimekuletea kopo zima."

"Nisipofuta?"

"Ni hiari yako, ndugu yangu. Ila kesho ngoma yenu mtapigia stesheni."

Masele aliwafikiria wenzake, na majembe waliyoyapaka chokaa. Akapanda ngazi. Alipoweka L, ng'ombe waligeuka mmoja mmoja, wakashika njia ya reli, na waliokuwa na kamba wakazikunja. Mguu wa R hakuufuta vizuri. Rangi ilikuwepo ya kutosha, mkono ndio uligoma. Jike wa majivu akabaki.

Jumamosi viti vya wageni vilijaza ukumbi, kwa hiyo ngoma ya majembe ilichezwa nje, upande wa choo. Mgeni rasmi aliwapungia mkono dirishani. Kabla ya Krismasi ukumbi ulikodishwa kwa mfanyabiashara wa mbolea. Jike wa majivu bado yupo mlangoni. Wapakuaji humtundikia makoti, na kila asubuhi Minza hutua beseni, akampapasa pembe, akajitwika, akaenda zake. Kibanda cha Masele kiko mkabala, naye huinamia kazi yake.

Hilaria alirudi kutoka Sibwesa Jumapili, kesho yake ya kukatwa utepe. Alisimama akasoma ukuta taratibu, kuanzia juu mpaka chini, akamsifu Masele kwamba safari hii hajakosea hata herufi moja. Hasa hiyo HIARI, alisema, ameipatia.

Masele alimjibu kwamba hiyo alifundishwa nyumbani.