Meli Iliyodanganywa

Mtafiti wa usalama wa mitandao aliyeajiriwa na kampuni ya meli aligundua kwamba mtu aliye nchi kavu, kwa kompyuta tu, angeweza kuidanganya meli kuhusu mahali ilipo. Mkurugenzi wa kampuni hiyo akaipokea ripoti yake kwa kutia sahihi, akaifungia kabatini. "Dada, usitutishie wateja."

Miezi minne baadaye meli yao ilipanda mwamba mchana kweupe. Kwenye uchunguzi, mkurugenzi alidai nahodha alisinzia.

Mtafiti akasimama kwa hasira. "Mwongo! Mitambo ya meli ilidanganywa, na nilikuonya. Unamwangushia jumba bovu mtu aliyelazwa hospitali?"

"Kaa chini, dada."

"Sikai!" Akawapa wachunguzi nakala ya ripoti yenye sahihi ya mkurugenzi.

Nahodha alirudishiwa leseni. Mtafiti alifukuzwa kazi, na hasira haijamtoka hadi leo.