Orodha ya Fahari

Jirani yetu Bi Shuhuda anashikilia kwamba aliyaona kwa macho yake haya huko Nasabani, nchi ambayo mtu hakuulizwa anajua nini, bali ametoka kwa nani. Kila aliyebaleghe alisimama barazani akaorodhesha sifa zake, karani akaziandika bila kuhoji. Na asiye na orodha alitolewa nje ya lango kuu kabla jua halijazama. Basi huyu alisema, "Nina ushujaa," na ushujaa ulikuwa wa babu. Yule alisema, "Nina tiba," na tiba ilikwisha kuzikwa pamoja na bibi yake. Ndiyo maana tabibu mkuu, Bwana Fahari, hakuwahi kushika hata sindano ya kushonea jeraha.

Siku moja aliletwa Pweke, msichana aliyeokotwa kisimani akiwa mchanga.

"Orodha yako, binti," akasema Kadhi Insafu, aliyekuwa bado mgeni katika kiti kile.

"Hana!" akadakia Fahari. "Ataanzia wapi, kwenye ndoo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Najua kushona majeraha," Pweke akasema taratibu. "Nilijifunzia kwa mbuzi. Ni hilo tu, Mheshimiwa."

Mwashi mmoja akainua mkono wenye kovu jembamba, lililonyooka. "Kanishona huyu. Nilianzia kwa tabibu, akanisomea majina ya babu zake mpaka damu ikajaa kiatu."

Safari hii hakucheka mtu.

"Karani," akasema Kadhi, "kila sifa iulizwe: ni yake mwenyewe, au ya aliyemtangulia? Za waliotangulia ziheshimiwe, lakini zisihesabiwe kwake. Pweke abaki. Sasa nisomee ya tabibu."

Karani akasoma sifa arobaini. Hekima? Ya babu. Mkono mwepesi? Wa bibi. Hata sauti nzito aliyojivunia ilikuwa ya baba yake. Kila sifa ikapigwa mstari, hadi karatasi ikawa nyeusi tititi.

Kivuli cha lango kilikuwa kimefika barazani. Fahari akashuka jukwaani, akaketi chini, vumbini, mbele ya msichana.

"Mama, nakuomba," akasema, na sauti ile nzito ilikuwa imemkauka. "Nifundishe mshono mmoja tu, uwe wangu, kabla hawajafunga lango."

Pweke akaitazama mikono laini ya Fahari, kisha akalitazama jua. Karani alikwisha kuchovya kalamu, akangoja.