Pengo la Mahege

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji, Mwalimu Zubeiri alikuwa akifundisha hesabu kwenye banda la shule karibu na Kibiti. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliotaka ukarani. Hodari wao alikuwa Kudra, mkulima wa Mahege. Mkewe, Waride, alibaki kijijini akilinda mpunga.

Zubeiri alipenda kuandika ubaoni jedwali la vijiji na vikapu vya mpunga, jumla chini, na nafasi moja wazi.

"Jumlisheni mnavyovijua," husema, "kisha mtoe kwenye jumla. Kinachobaki ndicho kilichokosekana."

Asubuhi moja akaingia Akida Bwanaheri, aliyetawala eneo lile kwa niaba ya Wadachi, karatasi mkononi.

"Mwalimu, nisaidie. Jeshi linataka wapagazi tisini. Bungu thelathini na wanne, Mchukwi ishirini na saba. Mjumbe wa Mahege hajarudi. Nijaze wangapi?"

Zubeiri hajafungua mdomo, Kudra akadakia kwa furaha, "Ishirini na tisa!"

"Mashallah," akida akasema, akaandika.

"Bwana akida, ngoja," Zubeiri akasema. "Vikapu vya ubaoni vipo, ndiyo maana jumla yake ni kweli. Tisini ni matakwa ya jeshi tu. Mahege hakuna wanaume wote hao, wengi wamekimbilia porini."

"Jibu si limepatikana?"

"Limepatikana, lakini..."

"Basi."

Kudra akageuka. "Mwalimu, kwani nimesema nini?"

Zubeiri akamfuata akida nje, akamsihi aache nafasi ile wazi. Akida hakukasirika. Alionekana amechoka.

"Nikipeleka karatasi yenye pengo, nitalijaza mimi na wanangu. Una ushauri mwingine?"



Kesho yake askari waliingia Mahege. Wanaume waliopatikana hawakufika hata nusu, askari wakajazia kwa wazee na wanawake mpaka idadi ikatimia. Kudra, habari zilipomfikia shuleni, alikimbia njia nzima, akawakuta wanatoka, kamba shingoni. Waride alikuwa katikati, sanduku la risasi kichwani.

"Nichukueni mimi, mwacheni huyu!" Kudra akamlilia askari. "Mmoja kwa mmoja, idadi haibadiliki!"

Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki. "Mizigo imeshagawiwa. Toka njiani."

"Rudi, mume wangu," Waride akasema, bila kuweza kugeuza shingo. "Ndege wataumaliza mpunga."

Kudra aliwafuata mpaka kivukoni, wakamfukuza.

Vita vikaisha, njaa ikaingia. Wapagazi wachache walirudi. Hakuna aliyejua Waride alikoishia. Kudra hakukanyaga tena shuleni.

Zubeiri alipopata moyo wa kwenda Mahege, alimkuta akipalilia peke yake. Kabla hajatamka maneno ya radhi aliyoyapanga njiani, Kudra akamwamkia kwa heshima, akamtandikia jamvi kivulini.

"Huko utokako, mwalimu, kuna habari yoyote?"

"Hakuna, ndugu yangu."

"Haya," Kudra akasema, akaokota jembe. "Pumzika. Namalizia tuta hili."